Koti la Nikki Wood

Aprili 1967, kwenye televisheni ya ABC huko Marekani, mhuni mmoja aitwaye Willie Loomis aliingia usiku kwenye kaburi la ukoo wa kitajiri akitafuta vito. Alichokuta ni jeneza lililozungushiwa minyororo. Alipolifungua, mkono ukatoka ukamkaba koo. Sehemu ya siku hiyo ikaishia hapo, kama zilivyozoea kuishia sehemu za Dark Shadows, ili kesho yake alasiri mtazamaji asiwe na pa kwenda ila mbele ya runinga.

Mwenye mkono ule alikuwa Barnabas Collins, mnyonya damu aliyefungiwa humo tangu miaka ya 1790. Hakuletwa akae. Tamthilia ilikuwa imeanza Juni 1966 kama hadithi ya mwalimu wa kike anayekuja kumlea mtoto katika jumba la kiza pwani ya Maine. Watazamaji walikuwa wachache, na mtayarishaji wake, Dan Curtis, akaona liwalo na liwe: heri alete mnyonya damu wa muda mfupi, halafu auawe kwa kigingi cha moyo kama ilivyo desturi. Hakuuawa. Tamthilia ilikwenda hadi Aprili 1971, sehemu 1,225, na yeye ndiye aliyeibeba mgongoni.

Nimeitazama kwa vipande, katika nakala za zamani zenye picha iliyofifia, nikiwa na swali moja. Nilitaka kuona ni wapi hasa watazamaji walianza kumpenda muuaji. Sisemi kumwogopa kwa raha. Hilo ni la zamani kama hadithi za usiku. Nasema kumpenda, kumwonea huruma, kukasirika akisemwa vibaya. Ugomvi huohuo tumeugombana sana kizazi changu juu ya Damon wa The Vampire Diaries, mmoja akisema "mwacheni, ana uchungu wake", mwingine akijibu "muuaji ni muuaji". Nilidhani ni ugomvi wetu. Kumbe ulikuwa umeshachosha watu kabla hatujazaliwa.

Aliyemcheza Barnabas ni Jonathan Frid, Mkanada wa jukwaani, mtu wa Shakespeare. Tamthilia za mchana enzi hizo zilirekodiwa kwa mkupuo, karibu kama zinarushwa moja kwa moja, na Frid alikuwa na shida ya kukumbuka maneno yake. Ukimwangalia vizuri unaona macho yanahama, yanatafuta kitu pembeni ya kamera, kisha yanarudi yakiwa na kiwewe. Mimi naamini sehemu ya majuto ambayo watu waliyasoma kwenye uso ule ilikuwa ni mwigizaji anayetafuta mstari unaofuata. Hainisumbui. Watoto walikuwa wanakimbia kutoka shule wasimkose, barua zikamfurika, na nyingi hazikuwa za woga.

Sasa, alikuwa amefanya nini kufikia hapo? Katika wiki zake za mwanzo alimnyonya Willie akamgeuza mtumwa wake, akimchapa kwa fimbo. Akamteka msichana mhudumu wa mgahawa, Maggie Evans, kwa sababu anafanana na Josette, mchumba wake aliyekufa zamani. Akamvika nguo za marehemu, akamsikilizisha kisanduku cha muziki cha marehemu, akamwambia wewe si Maggie, wewe ni Josette. Msichana alipokataa alifungiwa chini, asubiri kuuawa. Aliyemwokoa ni mzimu wa Sarah, dada mdogo wa Barnabas mwenyewe, aliyemwonyesha njia ya siri ya kutokea. Huyo mtoto nampenda kuliko wote katika hadithi hii. Alimpenda kaka yake, na bado akamfungulia njia mtu aliyefungwa na kaka yake.

Maggie alitoka akiwa amechanganyikiwa, akapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili chini ya daktari aitwaye Julia Hoffman. Daktari akagundua nani alifanya nini. Lakini Julia, aliyechezwa na Grayson Hall kwa ustadi mkubwa, alivutiwa na wazo la kumtibu mnyonya damu, baadaye akampenda. Maggie alikuwa shahidi. Basi daktari akamlaza kwa hipnosi na kumfutia kumbukumbu yote.

Nilisimamisha picha hapo. Waandishi walikuwa na tatizo la kiufundi: wana muuaji ambaye nchi nzima imempenda, na wana msichana anayejua. Wangeweza kumuua, watazamaji wangemchukia Barnabas. Wangeweza kumwacha akumbuke, na kila Barnabas akiingia mgahawani kungekuwa na mtu wa kutetemeka. Wakachagua asahau. Baada ya hapo Maggie anamkaribisha kwa tabasamu, jirani mwema, mtu wa heshima zake, na mtazamaji anayemwona akitabasamu anapata ruhusa ya kutabasamu naye.

Kisha, Novemba 1967, hadithi yote ikarudi nyuma hadi mwaka 1795. Tukaonyeshwa Barnabas kabla ya laana: kijana mpole, mwenye kicheko, anayemsubiri mchumba wake kutoka Martinique. Tukaonyeshwa Angélique, kijakazi wa familia ya mchumba na mchawi, aliyelala na Barnabas zamani akaachwa, na ndiye aliyemlaani. Kila atakayempenda, atakufa. Tukamwona Josette akijirusha baharini kutoka kilimani. (Familia ya Josette ni ya wenye shamba la miwa Martinique. Mwaka 1795 miwa hiyo ililimwa na nani, na kwa mijeledi ya nani, ni jambo ambalo majonzi ya tamthilia hayakulipa nafasi kubwa.) Kwa miezi kadhaa mtazamaji alikaa ndani ya msiba wa Barnabas, na aliporudishwa mwaka 1968 hakuwa tena mtazamaji yuleyule.

Josette huyo aliigizwa na Kathryn Leigh Scott, mwigizaji yuleyule wa Maggie. Uso uliokuwa unamlilia Barnabas amwache huru ukawa uso unaomwambia nakupenda. Sijui kama palikuwa na hila. Tamthilia zile zilitumia waigizaji haohao kila zikibadili zama, kwa sababu za bajeti. Lakini kazi iliyofanyika ni ileile.

Si kila mtu alikubali. Dan Curtis mwenyewe, mwaka 1970, huku Barnabas mpole akiendelea kuonekana kila alasiri, alipeleka sinema House of Dark Shadows ambamo Barnabas ni jitu tupu, anaua ukoo wake, naye anauawa. Kwa hiyo kulikuwa na wawili kwa wakati mmoja, mtazamaji achague.

Siku moja nilikuwa namwonyesha dada yangu kipande cha mwaka 1795. Dada ni mtu wa Damon, hana aibu nalo, na Barnabas alimkuta mahali pake. Mama mdogo alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama, akauliza yule ni nani na analilia nini. Dada akamsimulia laana, mchumba, kilima, bahari. Mama mdogo akasikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na yule binti aliyemfungia? Yuko wapi?" Nikamwambia amesahaulishwa. "Enhe," akasema, akaenda kuanika.

Sote watatu tulijua ile "enhe". Tumekaa kwenye vikao ambako kijana wa watu amemfanyia binti wa watu jambo, wazee wakasikiliza maisha magumu ya kijana, malezi yake, pombe ya baba yake, machozi yake, kisha binti akaambiwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri kwa anayeisema mwenyewe juu ya ndwele yake. Ikisemwa na daktari Hoffman ni kitu kingine.

Na sisi tulikuwa na mnyonya damu wetu. Pwani aliitwa mumiani. Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni watu waliwanong'ona wazimamoto, kwamba wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyatolea kitabu mwaka 2000. Ukiyasoma, unakutana na magari, ndoo, mashimo, mishahara, mlinzi wa kulipwa, ndugu aliyetoka jioni asirudi. Hukutani na mumiani anayejuta. Hana mchumba aliyejirusha baharini. Sidhani ni kwa sababu wazee wetu hawakuwa na huruma au ubunifu. Ni kwamba masimulizi yale yalitoka vinywani mwa watu waliojiona ndio wanaonyonywa, na mtu aliye ndani ya shimo haulizi utoto wa aliyelichimba.

Dada hakuniachia hapo. Alinikumbusha Blacula ya mwaka 1972, ambamo Mamuwalde, mwanamfalme wa Kiafrika, anakwenda kwa Dracula mwaka 1780 kumwomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa, na Dracula anamtukana, anamng'ata, anamfungia jenezani. Akiamka Los Angeles anaua watu wasio na hatia. "Huyo naye tumwulize nini?" aliniambia. Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Kuna mnyonya damu ambaye historia yake ni ushahidi kweli. Tofauti ninayoiona ni ndogo: William Marshall, aliyemcheza, hakuhitaji tusahau maiti zilizolala njiani ili tumlilie, na mwishoni Mamuwalde anatoka kwa miguu yake mwenyewe kwenda juani.

Miaka 30 baada ya Barnabas, tatizo lilelile lilirudi kwa waandishi wa Buffy the Vampire Slayer, iliyoonyeshwa kutoka 1997 hadi 2003, juu ya binti aliyeteuliwa kuua wanyonya damu. Spike naye hakuletwa akae. Aliingia msimu wa pili kama adui wa muda, na James Marsters akamcheza kwa mdomo mchafu na uso wa mtu anayeumia, basi watu wakakataa afe. Alipandikizwa kifaa kichwani kisichomruhusu kuumiza binadamu. Akampenda Buffy. Watazamaji wakagawanyika. Kuna waliosema kuzuiwa si kuwa mwema. Kuna waliosema anajitahidi bila hata kuwa na roho, na hiyo ni zaidi ya kuwa mwema.

Mei 2002, katika sehemu iitwayo "Seeing Red", Spike alijaribu kumbaka Buffy bafuni. Marsters amesema hadharani kuwa kurekodi tukio lile kulimwumiza vibaya. Wapenzi wa Spike wengi waliona wameadhibiwa: waandishi wametuona tunampenda mno, wakatutupia hili usoni. Waliompinga walisema hatimaye. Mimi naona kwamba, kwa mara moja, aliyetendwa hakusahaulishwa. Buffy alikumbuka msimu mzima uliofuata, na mwili wake ulikumbuka, akashtuka alipoguswa naye.

Spike alikwenda kutafuta roho yake. Alikwenda Afrika. Si mji wala mto tuliosoma shuleni. Ni vibanda, moto, watu wanaotazama kimya, na pango lenye shetani wa kumjaribu. Nilicheka kidogo. Majuto ya Mzungu yanahitaji safari, na sisi ndio mwisho wa reli. Wanakijiji wale hawana neno lolote katika hadithi.

Lakini kuna koti. Koti refu la ngozi nyeusi, ambalo lipo kwenye kila bango la Spike na ambalo mashabiki walilishona na kulivaa kwenye mikusanyiko yao. Novemba 2000 tulielezwa alikolitoa. Ndani ya treni ya chini ya ardhi, New York, mwaka 1977, alimvunja shingo mwanamke mweusi aliyekuwa mteule wa zama zake, akainama, akamvua koti, akalivaa. Anayesimulia kisa ni Spike mwenyewe, kwa fahari, akiwa amelivaa. Mwanamke hana jina katika sehemu ile.

Jina lilikuja na mwanawe. Robin Wood alikuwa na miaka minne mama yake, Nikki, alipouawa. Katika msimu wa mwisho ni mwalimu mkuu wa shule ya Sunnydale. Machi 2003 alimwingiza Spike kwenye chumba alichokijaza misalaba ukuta mzima, akataka kulipa. Alishindwa. Spike, mwenye roho sasa, anampiga, anamwachia uhai, wala haombi radhi. Anamwambia kwamba mama yangu alinipenda, wako alichagua kazi yake. Na Buffy anamwambia Wood kuwa vita ni kubwa, Spike anahitajika, akijaribu tena ataachwa afe.

Niliirudia sehemu ile mara tatu, na nikamwonyesha dada, mtu wa Spike kama alivyo mtu wa Damon. Nilidhani atamtetea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Angemrudishia tu koti." Kumbe wiki chache kabla, akiwa na roho hiyohiyo aliyoifuata Afrika, Spike alikuwa amelifuata koti alikoliacha na kulivaa tena, kwa sababu lilimpa nguvu za kupigana.

Spike aliungua Mei 2003 akiokoa ulimwengu, na watu wakalia, nami nikiwemo. Akarudishwa katika tamthilia ya Angel, koti likiwa mwilini. Mei 2004, mjini Rome, bomu linalipuka na koti linaharibika. Analilia. Anasema halina mbadala. Tawi la Rome la kampuni wanayoifanyia kazi linamletea jingine, lenye urefu uleule na ngozi ileile. Anajitazama, analivaa.