Kanisa kuu si kanisa kubwa

Kwenye bodaboda kutoka Pito kwenda Sumbawanga mjini, kijana aliyenibeba alinionyesha kanisa la matofali ya kuchoma. "Mzee, hilo nalo ni kanisa kuu. Lione lilivyo kubwa!" Nikamwambia hilo ni la parokia tu. Hakuridhika, na sikumlaumu. Neno "kuu" ndilo linalomponza.

Waingereza na Wafaransa walilichukua neno lao la kanisa kuu kutoka Kigiriki, "kathedra", yaani kiti. Kanisa la askofu ni lile lenye kiti chake, hata liwe la bati na udongo. Sisi tulichagua "kuu", tukakiacha kiti nje, sisi wenye mwenyekiti, kiti cha enzi na hata kiti cha pepo! Mimi naona tulipoteza kitu.

Kule Italia, Orvieto ni mji mdogo juu ya mwamba. Kanisa lake kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290, lina kuta za mistari ya mawe meusi na meupe, mithili ya punda milia. Uzuri huo wote, lakini kinacholipa jina ni kiti.

Na kiti huhama. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Jimbo la askofu wa huko likaitwa Karema mwaka 1953; mwaka 1969 likawa Sumbawanga, na kiti nacho kikawa kimehama. Kuta za Karema hazikupungua hata tofali moja.