Walipoyapigia Mawe Muziki

Mwaka 59 baada ya Kristo, mashabiki wa Pompeii na wageni wao kutoka mji jirani wa Nuceria walianza kwa kurushiana matusi, wakaingia kwenye mawe, wakaishia kwenye mapanga. Ilikuwa siku ya mapambano katika uwanja wa duara wa mji. Watu walikufa wengi hata Seneti ya Roma ikapiga marufuku michezo ya aina hiyo mjini hapo kwa miaka 10. Kuna mtu aliyeuchora ugomvi ule ukutani, na mchoro wenyewe ungalipo katika jumba la makumbusho la Napoli: uwanja unauona kutoka juu, na ndani na nje yake vijitu vidogo vidogo vinakimbizana.

Uwanja huo ulijengwa yapata mwaka 70 kabla ya Kristo na uliweza kuchukua watu kama 20,000. Mwaka 79 mlima Vesuvio ulilipuka ukaufukia pamoja na mji wote. Kisha Oktoba 1971 wakaja vijana wanne wa Kiingereza na lori la spika, wakapanga vyombo vyao katikati ya vumbi, wakapiga muziki kwa nguvu zao zote, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekata tiketi.

Bendi hiyo ni Pink Floyd, na filamu iliyozaliwa siku zile, Pink Floyd: Live at Pompeii, imekuwa na wapenzi wake kwa zaidi ya miaka 50, watu wanaoitazama tena na tena kama wengine wanavyorudia kusoma kitabu kimoja. Mimi ni mmoja wao. Ninachokipenda zaidi ndani yake ni yale mabenchi matupu. Umati uliowahi kukaa pale umeondoka, na mwongozaji alikuwa na busara ya kutoleta mwingine.

Mwongozaji huyo, Adrian Maben, alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi Ufaransa. Wazo lake la kwanza halikuhusu magofu. Alitaka kuuoanisha muziki wa Pink Floyd na kazi za wachoraji kama René Magritte, akamfuata meneja wao, Steve O'Rourke, na mpiga gitaa David Gilmour. Walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Maben akaliweka wazo kando, na kiangazi cha 1971 akaenda mapumzikoni Italia pamoja na mpenzi wake.

Siku moja walitembelea Pompeii. Walipotoka, Maben akajikuta hana pasipoti. Alihisi ameiangusha uwanjani, mahali walipokaa kula. Jioni ilikuwa imeingia na malango yamefungwa, lakini aliwasihi walinzi wakamruhusu apite. Akatembea peke yake katika njia tupu za mji uliokufa mpaka akafika uwanjani. Mwanga ulikuwa unafifia. Wadudu walikuwa wanalia, popo wanaruka juu ya kuta, na kila sauti ndogo ilisikika waziwazi. Baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo alipoiona filamu yake: bendi ipige pale pale, katika ukimya ule, bila watazamaji.

Kwa wakati ule wazo hilo lilikwenda kinyume na kila kitu. Mwaka mmoja kabla, filamu ya tamasha la Woodstock ilikuwa imejaza kumbi za sinema, na nusu ya utamu wake ni watu: maelfu kwa maelfu, wenye matope, waliolowa mvua, wanaocheza. Filamu nyingi za muziki zilifuata nyayo hizo, kamera ikimwacha mwanamuziki kila mara ili imtafute msichana anayelia. Maben alitaka kitu kilichogeuzia mgongo mtindo huo.

Bendi yenyewe ilikuwa imetoka mbali. Kati ya 1966 na 1967, wakiwa na Syd Barrett, walijipatia jina katika klabu ya UFO jijini London, gizani, wakimwagiwa taa za rangi zilizotambaa juu ya miili yao kama mafuta juu ya maji. Barrett aliondoka mwaka 1968. Waliobaki, yaani Roger Waters wa gitaa la besi, Rick Wright wa vinanda, Nick Mason wa ngoma, na Gilmour aliyeziba pengo, walikuwa wakijifunza kujenga nyimbo ndefu ambazo hazikuhitaji taa wala giza. "Echoes", wenye dakika zaidi ya 23, ulikuwa ndio kwanza umekamilika. Albamu yake, Meddle, ilikuwa bado haijafika madukani. Pompeii waliupiga mchana kweupe. Gilmour alikuwa kifua wazi, na jua la Oktoba likifanya kazi ya taa zote.

Lakini kupata ruhusa ya kufanya hivyo kulitaka mtu wa kufungua milango. Alikuwa Ugo Carputi, profesa wa Chuo Kikuu cha Napoli aliyeupenda muziki wa Pink Floyd, na yeye ndiye aliyewashawishi wakuu wa mambo ya kale wawape uwanja kwa siku 6, kwa malipo. Bendi nayo iliweka sharti lake: hakuna kuigiza kupiga huku santuri ikicheza. Wangepiga kweli, na kila kinachosikika kirekodiwe palepale. Kwa hiyo vyombo vyao vyote vya ziarani vilipakiwa kwenye lori kutoka London, safari ya siku 3.

Walipowasha mitambo, umeme haukutosha. Siku walizozilipia zikaanza kuyeyuka huku wakihangaika. Suluhisho lililopatikana ni la fundi wa mtaani kabisa: waya mrefu ulivutwa kutoka katika mji wa sasa wa Pompei, ukapitishwa barabarani hadi uwanjani, na watu wakawekwa kuulinda usije ukachomolewa. Kila ninapomwona Waters akiuchapa upatu mkubwa, jua likiwa nyuma yake, naufikiria waya ule uliolala mtaani, na mtu aliyesimama kando yake akiwaambia wapita njia waangalie wasiukanyage.

Kwa sababu ya siku zilizopotea, Pompeii ilitoa nyimbo 3 tu: "Echoes", "A Saucerful of Secrets" na "One of These Days". Zilipigwa kati ya tarehe 4 na 7 Oktoba. Watazamaji walikuwa mafundi wa filamu, mafundi wa bendi, na watoto wa jirani waliojipenyeza kuona kelele zinatoka wapi. Kamera ilipita polepole juu ya reli nyuma ya spika, na migongoni mwa makasha mtazamaji akasoma maandishi meupe: PINK FLOYD. LONDON. Ni picha ya kawaida sana, makasha ya mizigo, lakini imenasa vichwani mwa watu kuliko michoro mingi ya Kirumi inayoonyeshwa katika filamu hiyohiyo.

"One of These Days" una siri yake. Ukiutazama utaona karibu wakati wote kamera inamkodolea macho Mason, kana kwamba wimbo ni wake peke yake. Maben alieleza kwamba haukuwa mpango: mikanda yenye picha za wenzake ilipotea, ikambidi aunganishe kilichobaki. Na kilichobaki ni dhahabu. Katikati ya wimbo kijiti kinamponyoka Mason mkononi. Mkono unazama kando, unaibuka na kijiti kingine, na mdundo haukukatika. Kama mikanda ile isingepotea, huenda picha ingekuwa kwa Gilmour wakati huo, na tukio hilo la sekunde moja lisingeonwa na mtu.

Nyimbo zilizosalia zilipigwa Paris mwezi Desemba, studioni, picha za Pompeii zikirushwa kwenye skrini nyuma ya wanamuziki. Mwenye macho makali atajua lini amehamishwa: Wright, aliyekuwa na ndevu Italia, amezinyoa. Paris ndiko alikotokea pia mwimbaji wa tano. Katika Meddle kulikuwa na wimbo mfupi, "Seamus", ambamo mbwa wa rafiki yao Steve Marriott alilia juu ya muziki wa blues. Maben akamtafuta mbwa mwingine, akampata katika ukoo maarufu wa sarakasi wa Bouglione: jike la Kirusi la kuwindia, jembamba, lenye miguu mirefu, likiitwa Nobs. Wright alimshika na kumsogezea maikrofoni, Gilmour akapuliza harmonika, Waters akachukua gitaa, na Nobs akainua pua akalia. Wimbo ukapewa jina lake, "Mademoiselle Nobs".

Filamu ya kwanza, ya takriban saa moja, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Edinburgh mwaka 1972. Novemba mwaka huo ilipangwa kuonyeshwa katika ukumbi wa Rainbow, London. Onyesho likafutwa dakika za mwisho. Maben mwenyewe aliiona fupi, akaomba kuingia na kamera katika studio za Abbey Road, ambako bendi ilikuwa ikishughulikia albamu mpya. Humo tunamwona Waters ameinamia mtambo wa kutengeneza sauti, Wright yuko kwenye piano, na Gilmour anarudia kipande cha gitaa mpaka kikae sawa. Wakati wa chakula Mason anaomba pai ya matofaa isiyo na ukoko, na anasisitiza. Nyuso zao zimechoka kidogo. Hakuna anayejua kinachokuja. Albamu ile ilikuwa The Dark Side of the Moon. Ilitoka Machi 1973, na hadi mwaka 1988 ilikuwa imekaa wiki 741 katika orodha ya albamu 200 za Billboard nchini Marekani. Filamu iliyoongezwa vipande hivyo ilifika kwenye kumbi za sinema mwaka 1974.

Kinachoniuma ni yale ambayo hatutayaona kamwe. Maben alisimulia kwamba makopo 548 ya negativu, yaani picha zote ambazo hazikutumika, yalichomwa moto kwa agizo la mtu aliyeona yanajaza nafasi bure. Zamani ilidhaniwa hata negativu ya filamu yenyewe ilikuwa imepotea. Kumbe ilikuwamo katika hazina ya bendi, ndani ya makopo 5 yaliyoandikwa maelezo yasiyoeleweka. Ilisafishwa picha kwa picha, sauti ikachanganywa upya na Steven Wilson, na Aprili 2025 ikarudi kwenye kumbi za sinema. Sasa vumbi la uwanja linaonekana chembe kwa chembe.

Wright alifariki mwaka 2008. Mwezi Julai 2016, Gilmour alirudi Pompeii, akiwa na miaka 70. Mji ulimpa uraia wa heshima. Kwa jioni 2, tarehe 7 na 8, alipiga katika uwanja uleule, na safari hii waliingia watu: hadhira ya kwanza kuingia pale kutazama onyesho tangu mwaka 79. Walisimama chini, mchangani, mahali zilipopangwa spika mwaka 1971, na mabenchi ya mawe yaliyowazunguka yakabaki matupu. Kati ya nyimbo 3 za zamani alirudia mmoja tu, "One of These Days".