Manta Mkubwa

Manta mkubwa (jina la kisayansi: Mobula birostris) ni samaki wa jamii ya taa, na ndiye mkubwa kuliko taa wote duniani. Huishi katika bahari zenye maji ya joto na vuguvugu. Katika Afrika ya Mashariki huonekana kuanzia Msumbiji hadi Kenya, na Mlango wa Pemba umo njiani mwake. Hana mwiba wa kuchoma kama taa wengine wengi, wala hamdhuru binadamu. Tangu mwaka 2020, Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) inamhesabu miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Maumbile

Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, manta mkubwa kwa kawaida ana upana wa mita 4 hadi 5, na walio wakubwa kabisa hukaribia mita 7. Uzito wake unaweza kufika tani 2. Kiunzi chake ni cha gegedu, kama cha papa. Mgongo ni mweusi wenye mabaka meupe mabegani. Tumbo ni jeupe lenye madoa meusi. Hakuna manta wawili wenye madoa yanayofanana, na kwa hiyo watafiti humtambua kila mmoja kwa picha ya tumbo lake.

Mtaalamu Mjerumani Johann Julius Walbaum alimwingiza katika vitabu vya sayansi mwaka 1792. Kwa muda mrefu manta wote walidhaniwa kuwa aina moja. Mwaka 2009 Andrea Marshall, aliyefanya utafiti wake pwani ya Msumbiji, alionyesha pamoja na wenzake kuwa manta wa mwambani (Mobula alfredi) ni aina ya peke yake. Huyu ni mdogo zaidi na hukaa karibu na matumbawe. Kinywa chake ni cheupe, na madoa yake huenea hadi kati ya matundu ya matamvua. Manta mkubwa ana weusi kuzunguka kinywa, na madoa yake hukusanyika sehemu ya chini ya tumbo.

Chakula na tabia

Licha ya ukubwa wake, manta hula planktoni, yaani vijidudu na vijikamba vinavyoelea majini. Mbele ya kichwa ana mapezi mawili ambayo huyakunja kama pembe anaposafiri na kuyakunjua anapokula, ili yaelekeze maji kinywani. Maji hutokea kwenye matamvua, na chakula huzuiwa na vichujio vilivyopangwa humo. Akikuta planktoni nyingi mahali pamoja, hupiga mizunguko ya kichwangomba papo hapo.

Manta hawezi kutulia. Ni lazima aogelee muda wote ili maji yapite kwenye matamvua yake, na hana uwezo wa kurudi kinyumenyume. Huzama mamia ya mita kutafuta chakula, kisha hurudi miambani ambako samaki wadogo wasafishaji humwondolea wadudu na ngozi iliyokufa. Ubongo wake ni mkubwa kuliko wa samaki mwingine yeyote, nao umezungukwa na mtandao wa mishipa ya damu unaoaminika kuupa joto kwenye maji baridi ya kina.

Uzazi

Madume kadhaa humfuata jike mmoja kwa msururu, na atakayefaulu hulishika bawa lake kwa kinywa, mara nyingi la kushoto. Yai huanguliwa ndani ya mwili wa mama, na mtoto hulishwa humo kwa majimaji yenye mafuta yanayotoka kwenye kuta za mji wa mimba. Mimba huchukua takriban mwaka mmoja, na kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja tu. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 8 hadi 10, kisha huzaa mara moja kila miaka 2 hadi 5. Hata akiishi miaka 40, watoto wake wote watakuwa kati ya 6 na 15 hivi.

Bahari ya Pemba

Mlango wa Unguja una kina cha makumi ya mita tu, lakini ule wa Pemba hufika kama mita 800. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, miamba huporomoka ghafla kwenye kina hicho, na Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupita ukielekea kaskazini. Ndiyo maana samaki wa bahari kuu wanaweza kuonekana karibu na nchi kavu. Hoteli moja ya wazamiaji katika rasi ya Kigomasha imechukua jina la manta.

Vitisho

Hatari kubwa ni nyavu. Wavu wa jarife hutegwa usiku kwa ajili ya jodari, nduaro na papa, lakini humnasa yeyote apitaye. Manta akinaswa hushindwa kuogelea, akakosa hewa na kufa. Nyavu za meli za jodari nazo huwaua. Nyama ya taa hutiwa chumvi, hukaushwa na kuuzwa, na vichujio vya manta hununuliwa Asia, hasa China, kama dawa ambayo faida yake haijathibitishwa. Taka za plastiki na mabadiliko ya joto la bahari huongeza mzigo. Huko Tofo, Msumbiji, manta wa mwambani walioonekana na wazamiaji walipungua kwa asilimia 88 kati ya 2003 na 2011.

Ulinzi

Eneo la Hifadhi la Mlango wa Pemba (PECCA) lilianzishwa mwaka 2005 upande wa magharibi wa kisiwa, na kisiwa cha Misali kimo ndani yake. Hata hivyo, hifadhi ya miamba haiwezi kumfuata samaki anayesafiri mbali. Mwaka 2013 mkataba wa CITES uliiweka biashara ya kimataifa ya manta chini ya udhibiti. Mwaka 2019 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC), ambayo Tanzania ni mwanachama wake, ilipiga marufuku vyombo vya uvuvi kubaki na manta waliovuliwa. Wavuvi wa kitoweo cha nyumbani waliachwa nje ya marufuku hiyo kwa sharti kwamba wasiuze hata kipande.

Sharti hilo ndilo linaloihusu Pemba moja kwa moja, kwa kuwa samaki wanaonaswa na jarife kwa kawaida huishia mnadani. Kwa samaki anayezaa polepole kiasi hiki, kumrudisha baharini angali hai kuna manufaa kuliko kumpiga marufuku sokoni akiwa ameshakufa.