Funga Kazi: Albamu ya HBC iliyowafanya hata wazazi wasikilize rap

Miaka ya 90, wazazi wengi Dar waliona rap ni uhuni tu. Mwaka 2000 Hard Blasters, maarufu kama HBC, wakatoa Funga Kazi, na lawama zikaanza kupungua.

Kundi lilikuwa na Nigga Jay, Fanani na Big Willy. Kabla yao, rap ya Dar ilikuwa zaidi ya vijana wa Upanga, Oysterbay na Msasani, wenye ndugu wa kuwaletea kanda kutoka nje, na wengi walichana kwa Kiingereza. Saleh Jabir alishaonyesha mwaka 1991 kuwa Kiswahili kinakaa kwenye biti.

HBC wakaongeza stori. Ngoma iliyobeba albamu, Chemsha Bongo, inasimulia maisha ya mjini taratibu, kila neno linasikika. Mtaani waliipendea uchanaji, nyumbani ujumbe, na redioni ikapigwa sana.

Ila kundi halikudumu. Mwaka 2001 Nigga Jay, safari hii kama Professor Jay, akatoka kivyake na Machozi, Jasho na Damu. Mwaka 2015 Joseph Haule, ndiye huyo huyo, akachaguliwa mbunge wa Mikumi kupitia Chadema.