Kasha la kompyuta isiyopiga kelele: uangalie nini ukitaka kupoza kwa maji

Kiangazi kimoja tulisoma hewani tangazo la msiba. Mazishi yalikuwa Mwamgongo, kijiji cha mwambao kaskazini mwa Gombe. Dakika chache baadaye simu ya studio iliita. Baba mmoja aliuliza kama tumesema Mwamgongo au Mwandiga, kwa sababu sauti ya mtangazaji ilimfikia na mvumo kama wa upepo. Anayekwenda Mwandiga hupanda gari. Anayekwenda Mwamgongo huteremka Kibirizi kutafuta boti. Ukikosea jina, wenzako watazika wewe haupo.

Studio hapakuwa na upepo. Mvumo ule ulitoka kwenye feni za kompyuta iliyokuwa chini ya meza, hatua moja tu kutoka kwenye maiki.

Tulitafuta dawa haraka na tukakosea. Tulinunua kasha lililofungwa pande zote, lenye sponji ndani, tukiwa tumeambiwa kuwa ni kasha la kimya. Asubuhi lilikuwa kimya kweli. Ilipofika saa sita mchana joto lilikuwa limejaa ndani, feni zikaongeza mwendo, na kelele ikazidi ile ya mwanzo.

Makala hii inaeleza tuliyojifunza baada ya hapo. Tunaiandika kwa sababu vijana wengi wanaorekodi kwaya, kaswida na video za harusi nyumbani, kuanzia Ujiji na Mwanga hadi Kasulu, wanatuuliza jambo hilohilo: kompyuta ya kupozwa kwa maji inafaa, na nichukue kasha gani?

Kasha ni nini

Kasha ni lile sanduku la bati linalobeba vifaa vyote vya kompyuta ya mezani. Wengi huliita "sipiyu". Sipiyu yenyewe, yaani prosesa, ni kipande kidogo kilicho ndani, kadiri ya kiberiti, kinachofanya hesabu zote. Hicho ndicho kinachochemka, pamoja na kadi ya picha kama kompyuta yako inayo.

Kelele hutoka sehemu nne: feni, pampu ya maji kama ipo, diski ya zamani inayozunguka, na bati la kasha linapotetema. Diski ni rahisi kuimaliza: weka ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Zilizobaki tatu zinategemea sana kasha utakalochagua.

Maji yanapozaje

Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa na upepo tu. Injini ya boti huvuta maji ya ziwa, ikayapitisha ndani na kuyatupa. Ule mkondo mwembamba unaorushwa nyuma ya boti ndio humwonyesha nahodha kuwa pampu inafanya kazi. Ukikatika, huzima injini. Gari nalo lina rejeta, na maji yaleyale huzunguka kila siku.

Kompyuta inayopozwa kwa maji inafanana na gari. Kipande cha shaba hukaa juu ya prosesa na kupokea joto. Pampu ndogo husukuma maji hadi kwenye rejeta, na feni hupitisha hewa katikati ya mapezi ya rejeta. Maji yaliyopoa hurudi kwenye prosesa.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Maji hayamalizi joto, huliondoa mahali pamoja na kulipeleka pengine. Mwisho wa safari, joto lote hutoka nje ya kasha kwa njia ya hewa. Maji hayo pia hayawezi kupoa chini ya joto la chumba. Mchana chumba kikiwa na nyuzi 30, kama inavyotokea huku kwetu, maji yatakuwa na zaidi ya hapo. Rejeta ndani ya kasha lisilopitisha hewa ni sawa na gari lililofunikwa gunia mbele.

Kwa nini feni za polepole

Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio huhisi kila desibeli 10 zinazoshuka kama kelele imepungua nusu. Kwa upande mwingine, ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni tatu zinazozunguka taratibu ni kimya kuliko moja inayokimbia.

Feni inayozunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika haisikiki kirahisi ukiwa umekaa mezani. Ikipita 1,500 maiki itaikamata. Faida ya maji ni hii: rejeta ni pana, hivyo inaweza kubeba feni mbili au tatu kubwa zinazokwenda polepole. Kasha likibana hewa, feni hizo zitalazimika kukimbia, na faida yote itapotea.

Je, unayahitaji maji?

Kama kazi yako ni kurekodi sauti na kuikata, huenda huyahitaji. Kompyuta ya umeme mdogo yenye feni moja kubwa juu ya prosesa inatosha, na haina pampu ya kuharibika. Maji yana maana kwa anayehariri video ndefu, au mwenye prosesa na kadi ya picha zinazokula umeme mwingi kwa saa nyingi.

Ipo pia njia ambayo studio nyingi za redio hutumia: kompyuta inakaa chumba cha pili, na nyaya zinapita kwenye tundu la ukuta. Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5. Kama ukuta wako unaruhusu, jaribu njia hiyo kabla ya kununua chochote.

Mambo ya kuangalia kwenye kasha

1. Nafasi ya rejeta. Rejeta ya "240" hubeba feni mbili za milimita 120. Ya "280" hubeba mbili za milimita 140, na ya "360" hubeba tatu za 120. Namba hizo ni za feni, si urefu wa rejeta yenyewe. Ya 360 huwa na urefu wa karibu milimita 395, na ya 240 karibu 275. Unene nao ni muhimu: rejeta ya kawaida ina milimita 27 na feni ina 25, jumla 52. Ikifungwa juu ya kasha, hakikisha kuna nafasi ya milimita 60 hivi ili isigonge kadi za memori. Ikifungwa mbele, itapunguza nafasi ya kadi ya picha, basi pima kadi yako kwanza.

2. Njia ya hewa. Washa tochi ya simu, iweke mbele ya kasha, kisha chungulia kwa ndani. Mwanga ukipita vizuri, hewa nayo itapita. Ukiona giza na vijitundu vya pembeni tu, feni zitahangaika. Fanya hivyo pia juu na nyuma.

3. Bati na raba. Gonga ubavu wa kasha kwa kidole. Likilia kama debe tupu, litatetema pamoja na feni na pampu. Bati la milimita 0.8 hutulia kuliko la 0.5. Angalia kama sehemu za kufungia feni na diski zina raba, na kama miguu ya kasha ni ya raba nene. Sponji ya kwenye mbavu husaidia, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya njia ya hewa.

4. Vichujio. Huku kwetu Juni hadi Septemba ni vumbi. Vumbi likijaa kwenye mapezi ya rejeta, joto hupanda na feni huanza kukimbia. Chagua kasha ambalo vichujio vyake vinachomolewa bila bisibisi, mbele na chini. Kiangazi vioshe kila wiki mbili, vianike kivulini, uvirudishe vikiwa vikavu kabisa. Panga feni ili zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kidogo kuliko zinazotoa. Hapo hewa itaingia kupitia vichujio badala ya kila upenyo.

5. Mahali pa pampu. Ndani ya mfumo wa maji huwa kuna hewa kidogo, na hewa hupanda juu. Ikikusanyika kwenye pampu, pampu hukoroma na kufa mapema. Kwa hiyo sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Kasha linaloruhusu rejeta kukaa chini tu, pampu ikiwa juu yake, liache.

6. Kioo na safari. Makasha mengi ya sasa yana ubavu wa kioo. Kama kasha linatoka Dar es Salaam, iwe kwa basi au kwa Reli ya Kati, litasafiri zaidi ya kilomita 1,200. Omba kioo kifungwe peke yake kwa godoro, au chagua kasha la bati pande zote. Kompyuta uliyoiunganishia maji mwenyewe isisafirishwe ikiwa na maji ndani.

Mifano miwili

Tunataja mifano hii ili ujue wenye viwanda wenyewe wanalitatuaje jambo hili. Silent Base 802 ya kampuni ya be quiet! ya Ujerumani huja na mifuniko ya aina mbili, mbele na juu: iliyofungwa kwa ajili ya ukimya, na ya wavu kwa ajili ya hewa. Define 7 ya Fractal Design ya Sweden ina tabaka la kupunguza kelele mbavuni, na mfuniko wa juu unaweza kubadilishwa na wa matundu. Makasha yote mawili yalitoka mwaka 2020. Hata kampuni zinazouza ukimya zinakuachia mlango wa kufungua hewa. Ukitumia rejeta juu, weka mfuniko wa matundu.

Si lazima ununue hayo. Kasha la bei nafuu lenye wavu mbele, bati zito na feni za milimita 140 litakufaa kuliko la gharama lililozibwa.

Maji gani

Mifumo ni ya aina mbili. Wa kwanza umefungwa kiwandani, hujazi kitu. Kwa wengi wetu huo ndio salama, kwa sababu fundi wa kutengeneza mfumo mwingine si rahisi kumpata karibu. Wa pili unauunganisha mwenyewe kwa mipira, tangi na pampu. Ukichagua wa pili, kasha liwe na mahali pa tangi na nafasi ya kumwaga maji kwa chini.

Usijaze maji ya bomba wala ya ziwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yanaonekana safi, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, na madini hayo huganda ndani ya mifereji myembamba. Tumia maji maalumu yanayouzwa na watengenezaji, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Na kuwa mwangalifu na chupa za betri za vituo vya mafuta: baadhi ni maji, baadhi ni asidi.

Usichanganye pia rejeta ya aluminiamu na kipoza cha shaba katika mfumo wa kujiunganishia. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji, aluminiamu huliwa.

Kabla hujalipa

Muulize muuzaji maswali haya, na majibu yake uyaandike:

- Linabeba rejeta ya ukubwa gani juu, na mbele?
- Kati ya paa la kasha na ubaomama kuna milimita ngapi?
- Kadi ya picha ndefu kabisa inayoingia ni ya urefu gani rejeta ikiwa mbele?
- Vichujio vinatoka bila bisibisi?
- Feni zilizomo ni za milimita ngapi, na mwendo wake unaweza kupunguzwa?
- Likifika limevunjika, nani anagharamia?

Muuzaji asiyejua vipimo akuruhusu upime kwa rula mwenyewe. Akikataa, subiri.

Sisi tuliishia wapi

Kompyuta ya kurushia matangazo tuliihamishia chumba cha pili. Ya kuhariri haikuweza kuhama, kwa sababu waandishi hurekodi sauti zao pembeni yake. Hiyo tuliipa kasha la wavu na rejeta ya 280 juu, feni zikizunguka taratibu. Lile la sponji tumelifungua mbele na tunalitumia ofisini.

Bado kuna siku sauti haitoki vizuri, hasa jenereta la jirani linapowashwa. Lakini majina ya vijiji kwenye matangazo ya misiba tunayasoma mara mbili, taratibu, na simu za kuuliza ni Mwandiga au Mwamgongo zimekoma.

Kama una swali, tutumie ujumbe kwa namba tunayoitaja hewani. Andika aina ya prosesa, vipimo vya kasha unalotaka, na kazi unayoifanya, nasi tutakujibu kwenye kipindi.