Ushiriki katika majaribio ya kitabibu ya dawa za usingizi

Ushiriki katika majaribio ya kitabibu ya dawa za usingizi ni tendo la mgonjwa, au la mtu mwenye afya njema, kukubali kwa hiari yake kwamba dawa, kifaa au utaratibu wa kuondoa fahamu na maumivu wakati wa upasuaji ujaribiwe katika mwili wake, ili matokeo yalinganishwe na ya watu wengine kwa kanuni zilizoandikwa kabla kazi haijaanza. Dawa zenyewe ni za makundi mawili makubwa: za nusu kaputi, ambazo huvutwa kwa pumzi au huchomwa kwenye mshipa na kumpotezea mtu fahamu zote, na za ganzi, ambazo huua hisia za sehemu ya mwili huku mgonjwa akiwa macho, kama wanavyofanyiwa wajawazito wengi wanaojifungua kwa upasuaji baada ya kuchomwa sindano ya mgongoni. Jaribio hutofautiana na utafiti wa kuangalia tu, kwa kuwa katika utafiti wa kuangalia mtafiti huandika yanayotokea wodini bila kuyabadili, ilhali katika jaribio hupangwa, mara nyingi kwa bahati nasibu inayopigwa na kompyuta, nani apate tiba mpya na nani apate ile ya kawaida.

Mkazi wa Msamala, kata iliyomo katika Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, akihitaji kupasuliwa, aghalabu hufikishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea au katika hospitali ya misheni ya Wabenediktini iliyoko Peramiho, na akizidiwa hupewa rufaa ya mbali zaidi, kama Mbeya au Muhimbili. Kila dawa ya usingizi atakayokutana nayo katika safari hiyo iliwahi kujaribiwa kwa watu ambao hatawajua kamwe, na si wote kati yao waliokuwa na uhuru wa kukataa. Ketamini, dawa inayotegemewa mno na hospitali za wilaya za Afrika Mashariki kwa sababu haizimi pumzi kwa urahisi wala haihitaji mashine kubwa, ilichomwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1964 na watafiti Edward Domino na Guenter Corssen, na waliochomwa walikuwa wafungwa wa gereza la Jackson, jimbo la Michigan, Marekani. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Chama cha Madaktari Duniani kilikuwa kimepitisha Azimio la Helsinki, linaloweka ridhaa ya mtafitiwa mbele ya maslahi ya sayansi. Wafungwa hao waliitwa watu wa kujitolea, lakini hiari ya mtu aliye kifungoni ni jambo la kutiliwa shaka, na leo kamati yoyote makini ya maadili ingeurudisha mpango wa namna hiyo. Ganzi ya mgongoni nayo ina historia ya namna nyingine kabisa: mwaka 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari August Bier na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana wao kwa wao kwa kokeini, na wote wawili wakapata maumivu makali ya kichwa, ambayo hadi leo hutajwa kwenye fomu za ridhaa kuwa moja ya athari za sindano hiyo.

Swali ambalo wananchi huuliza, na wana haki ya kuliuliza, ni kwa nini majaribio yaendelee kufanyika Afrika ilhali dawa zimekwisha kuthibitishwa Ulaya na Marekani. Jibu lenye nguvu zaidi limetoka Afrika Mashariki yenyewe, katika jaribio liitwalo FEAST, ambalo halikuwa la dawa za usingizi bali la huduma ya dharura, fani ambayo wataalamu wa usingizi huishughulikia kila siku. Katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Teule huko Muheza, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za kupungukiwa na mzunguko wa damu waligawanywa katika makundi matatu, mawili yakipewa maji mengi ya mishipani kwa haraka kama miongozo ya nchi tajiri ilivyoelekeza, na la tatu likiachwa bila maji hayo ya haraka. Kamati huru inayochunguza takwimu za usalama ilishauri usajili usitishwe mapema mwaka 2011, kwani katika makundi mawili ya kwanza vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5, na katika kundi la tatu asilimia 7.3. Tiba iliyoaminiwa kuwa ya kuokoa ilikuwa inaua, na hakuna hospitali ya London ambayo ingeweza kuligundua hilo kwa niaba ya mtoto wa Muheza, ambaye malaria na upungufu wa damu humkuta na mwili wenye hali tofauti, katika hospitali isiyo na chumba cha uangalizi maalumu.

Kwa upande wa usingizi na upasuaji hasa, kazi kubwa zaidi barani ni zile mbili zilizoongozwa na Bruce Biccard wa Cape Town. Ya kwanza, ya kuangalia tu, ilifuatilia mwaka 2016 wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, Tanzania ikiwamo, ikaonyesha kwamba asilimia 2.1 walifariki, kiwango kinachokaribia mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora zaidi. Nao wengi wa waliofariki hawakufia mezani bali wodini, katika siku zilizofuata. Ya pili ilikuwa jaribio kamili, lililogawa hospitali nzima nzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja: hospitali 332 za nchi 28 zilipangwa kwa bahati nasibu ama kuendelea na utaratibu wao, ama kuwaangalia kwa karibu zaidi wagonjwa walio hatarini, kwa hatua nyepesi kama kusogeza kitanda mahali muuguzi anapokiona au kumruhusu ndugu akae na mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikuwa asilimia 1.3 ya vifo pande zote mbili. Jaribio lisiloonyesha tofauti si jaribio lililopotea, maana limewaambia wizara na wafadhili kwamba kitanda kilichosogezwa hakiwezi kuchukua nafasi ya muuguzi na mtaalamu wasiokuwepo.

Nchini Tanzania jaribio la dawa haliwezi kuanza kihalali bila vibali viwili. Kimoja ni cha maadili, kinachotolewa na kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kingine ni cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyorithi kazi hiyo kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mwaka 2019. Zanzibar ina vyombo vyake. Tafiti nyingi za usingizi ambazo mgonjwa wa kawaida hukutana nazo, hata hivyo, ni ndogo, za madaktari wanaosomea ubingwa katika vyuo vikuu vya tiba vya Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, wakilinganisha kwa mfano vipimo vya ganzi ya mgongoni au dawa za kuzuia shinikizo la damu lisishuke baada ya sindano hiyo.

Ugumu wa pekee wa fani hii uko katika wakati wa kuomba ridhaa. Mgonjwa wa kisukari huweza kwenda na fomu nyumbani akashauriana na familia. Anayesubiri kupasuliwa yuko na njaa, hofu na maumivu, na huona kila karatasi anayoletewa kuwa sharti la kupelekwa chumba cha upasuaji. Ridhaa ya upasuaji na ridhaa ya utafiti ni vitu viwili, vyenye fomu mbili, na mtafiti anayeziomba kwa pumzi moja amekwisha kuvunja maadili hata kama saini zote zipo. Utaratibu bora ni kumwendea mgonjwa siku moja kabla, kwa Kiswahili chepesi, na kumwomba yeye mwenyewe aeleze alichokielewa. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtafiti, na kwa mtoto huridhia mzazi au mlezi. Katika dharura ambayo haisubiri, kama ilivyokuwa kwa FEAST, kamati ya maadili huweza kuruhusu mzazi akubali kwa mdomo kwanza, na ridhaa kamili ya maandishi ikaja baadaye hali ikitulia. Ruhusa hiyo ina utata, na inafaa ibaki adimu.

Hofu ya wananchi nayo haipaswi kuitwa ujinga. Simulizi za mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wengine kwa ajili ya dawa, zimedumu Tanzania tangu enzi za ukoloni, na mtafiti anayechukua chupa tatu za damu bila kueleza kila moja inakwenda maabara gani anazipa simulizi hizo uhai mpya.

Mshiriki hulindwa kwa bima ya madhara, hurudishiwa nauli, na huweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu wala kupunguziwa matibabu aliyostahili. Fomu ya ridhaa huwa na nakala yake, ambayo hubeba majina na namba za simu za mtafiti mkuu na za kamati ya maadili. Mgonjwa aliyetia saini aiombe nakala hiyo na kuikabidhi kwa ndugu aliyemsindikiza kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.