Nani Alikula na Nani? Mlo na Ujirani katika Jinja na Mbale

Katika vitabu vingi vya kusomea Kiswahili mwanafunzi hukuta somo fupi lihusulo mlo wa zamani. Huambiwa kwamba wazee wetu walikula pamoja, wote chombo kimoja, na kwamba mji na sahani ndivyo vilivyotuletea ubinafsi. Somo hili ni tamu na lina methali zake tayari. Lakini tukiitazama historia ya miji miwili ya mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, twaona kuwa swali lifaalo kuulizwa si kama watu walikula pamoja, bali ni nani aliyekula na nani, na nani aliyewekwa kando.

Tuanze na vyakula vyenyewe. Katika Busoga, mashariki ya mahali ambapo mto Nile watoka ziwani, mlo mkuu ni viazi vitamu, pamoja na mihogo na ulezi, au wimbi kama wengi wa huku wauitavyo. Viazi vikipondwa pamoja na maharagwe huitwa mugoyo. Wagisu wa Mbale ni watu wa ndizi, nao wana kitoweo ambacho mgeni hakisahau: malewa, yaani machipukizi ya mianzi yatokayo katika misitu ya Mlima Elgon. Hukaushwa kwa moshi, huuzwa sokoni yakiwa makavu kama kuni, kisha hurowekwa, huchemshwa na kuungwa kwa karanga zilizosagwa. Hapa yafaa tukumbuke kwamba viazi vitamu, mihogo na karanga asili yake ni Amerika, na ndizi zilitoka Asia kabla ya hapo. Kati ya hivyo vyote ulezi ndio mwenyeji. Kwa hiyo anayesema "chakula cha jadi" hana budi kujiuliza ni jadi ya tangu lini.

Ama kuhusu kula kwenyewe, ni kweli kwamba jamaa waliketi chini na kutumia chombo kimoja. Lakini wanaume walikuwa na chombo chao, na wanawake na watoto chao. Tena, kwa Wasoga kama kwa Waganda, mwanamke aliyekomaa hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Yeye ndiye aliyemfuga kuku, akamwandaa, akampika na kumpeleka mbele ya mume na wageni kwa heshima zote. Akarudi jikoni kwa mboga zake. Juu ya hayo kila ukoo ulikuwa na mnyama wake, au samaki, au mmea, ambao watu wa ukoo huo hawakuula, wake kwa waume. Basi chombo kilikuwa kimoja, lakini kilizungukwa na makatazo mengi.

Mahali ambapo mduara ulikuwa mpana zaidi ni kwenye mtungi wa pombe. Wateso, ambao ni jirani za Mbale upande wa kaskazini, hutengeneza ajon kwa ulezi. Wanywaji huuzunguka mtungi mmoja, maji ya moto huongezwa, na kila mmoja huvuta kwa mrija mrefu wenye kichujio nchani. Wagisu nao wanayo pombe yao, tena kwao ni zaidi ya kinywaji: kijana anayeingia imbalu, yaani tohara ifanywayo katika miaka ya namba shufwa, hupakwa mwilini chachu ya ulezi. Hata hivyo, mtungi nao una mtu asiyeketi. Mwislamu hauketii, wala mlokole.

Dini, kwa hakika, ndiyo iliyochora mipaka mipya. Mwaka 1876 Kabaka Muteesa wa Kwanza wa Buganda aliwaua Waislamu wengi wa barazani pake, na mojawapo ya makosa waliyohesabiwa lilikuwa kukataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme. Tangu siku hizo swali la "nani kachinja" limewafuata watu wa Uganda mpaka buchani. Mbale lina jibu la tatu ambalo miji mingi haina. Mji huo ulikua mwanzoni mwa karne ya 20 kandokando ya boma la Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyeitiisha nchi hiyo kwa niaba ya Waingereza. Mwaka 1919 Kakungulu aliifuata dini ya Kiyahudi, akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake, Abayudaya, wangalipo karibu na Mbale, ijapokuwa serikali ya Idi Amin iliwakataza ibada zao. Nao huchinja wenyewe. Hivyo katika mji mmoja majirani watatu waweza kusalimiana kila asubuhi, wakaazimana chumvi na kiberiti, na kila mmoja akawa na kisu chake.

Mji ulileta vyombo, na vyombo vilikuja na majina. Walimu wenzetu wanaofundisha Uganda mara nyingi huambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Basi na wamwombe huyo asemaye hivyo aingie jikoni mwake. Kiganda, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kanisa na utawala hata Busoga na Bugisu, huita sahani essowaani, sufuria essefuliya, birika ebbinika, mchele omuceere, mkate omugaati, na nyanya ennyaanya. Maneno haya hayakuletwa kwa bunduki peke yake. Yaliletwa na wafanyabiashara wa misafara, wapishi na wauza duka. Ajabu ni kwamba mtu wa pwani, mwenye neno sahani, mwenyewe alizoea kula na wenzake katika sinia moja. Lakini huku bara sahani ikawa ya mtu mmoja mmoja.

Neno lililosafiri mbali zaidi ni posho. Katika misafara lilikuwa ni kipimo cha chakula apewacho mpagazi. Baadaye likawa unga wa mahindi wa kibarua, na leo Mganda asemapo posho ana maana ya ugali wenyewe. Jinja ulikuwa mji wa vibarua hasa. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, na bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Katika makambi ya vibarua, na katika shule za bweni kama Mwiri na Nabumali, vijana wa makabila mbalimbali walikula posho na maharagwe pamoja. Hakuna aliyeuliza ukoo wa maharagwe. Chakula hicho hakikusifiwa na mtu, wala hakina ngoma yake. Lakini kwa maoni yetu kilifanya kazi kubwa kuliko karamu nyingi.

Wahindi waliishi karibu na Waafrika bila kuketi nao chakulani. Wengi wao, Wahindu wa Gujarati hasa, hawakula nyama, na jiko lao lilikuwa na mwiko wake. Lakini mtu mmoja aliuvuka mpaka huo kila siku, naye ni mpishi Mwafrika. Yaelekea ni kwa mikono ya wapishi kama huyo kwamba chapati ilitoka nje ya nyumba hizo, ikaongezwa mafuta, ikakunjwa matabaka, hata ikawa ni chapati yetu. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa, uzalishaji wa Kakira ukaanguka, na katika nchi ya miwa watu wakanywa chai bila sukari. Madhvani walirudi Kakira mwaka 1985. Katika muda huo wote chapati haikuondoka, kwa kuwa ilikwisha kupata wenyewe wengine.

Wenyewe hao, hasa vijana wa Kisoga, ndio wasifiwao kwa kuanzisha chakula ambacho sasa chauzwa katika kila mji wa Uganda. Mayai hupigwa pamoja na vitunguu, nyanya na kabeji, hukaangwa, kisha huviringishwa ndani ya chapati. Jina lake ni rolex: latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakavutwa kwa mzaha hadi yakafanana na jina la saa ya matajiri. Huliwa kwa mkono, katika kipande cha gazeti, mnunuzi akiwa amesimama. Mzee wa zamani angesema huko si kula pamoja, na pengine ana haki: hakuna anayenawa kwa ajili ya mwenzake, wala anayesubiri mkubwa aanze.

Lakini jioni katika vibanda vya Jinja, kwenye mstari wa kumngoja mkaangaji, wamo wanawake wa Kisoga. Wanataja idadi ya mayai wanayoyataka, mawili au matatu, wanalipa na kula papo hapo mbele ya wanaume.